Historia ya mkongo wa mwanga: kutoka Gare du Midi hadi Mombasa

Kila siku maelfu ya wasafiri hupita katika kituo cha reli cha Gare du Midi, jijini Brussels, nchini Ubelgiji. Wapo wanaopanda treni za mwendo kasi kuelekea London, Paris au Amsterdam, na wapo wanaokwenda Ostend, mji wa bandari ulio kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini.

Wachache miongoni mwao hutambua kwamba kandokando ya njia za reli za nchi hiyo zimelazwa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ambazo hupitisha mwanga. Mwanga wa namna hiyo ndio unaobeba mazungumzo ya simu, barua pepe, picha na malipo ya benki kutoka bara moja hadi jingine.

Mji wa Ostend una nafasi ya pekee katika historia hiyo. Ndiko ulikotia nanga, mwaka 1986, mkongo wa kwanza wa mwanga kuunganisha nchi mbili kwa kupitia chini ya bahari. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata mkongo wake wa kwanza mwaka 2009, yaani miaka 23 baadaye.

Teknolojia hiyo huitwa mkongo wa mawasiliano nchini Tanzania, na watu wengi nchini Kenya huiita faiba. Historia yake inaonyesha kwamba kuvumbua kitu ni jambo moja, na kukifikisha kwa wanaokihitaji ni jambo jingine.

Reli yatangulia, waya wafuata

Ubelgiji ni miongoni mwa nchi za mwanzo za Ulaya bara kujenga reli ya treni za mvuke, pale njia ya kutoka Brussels hadi Mechelen ilipofunguliwa mwaka 1835. Miaka 11 baadaye, mwaka 1846, waya wa simu ya maandishi, yaani telegrafu, ulitandazwa kufuata reli ya Brussels na Antwerp.

Sababu za kufuata reli zilikuwa wazi. Reli ina njia iliyokwisha kunyooshwa, ardhi yake ina mmiliki mmoja anayejulikana, na ina wafanyakazi wanaoikagua kila mara. Sababu hizo hizo ndizo zilizofanya makampuni ya reli ya Ulaya, zaidi ya karne moja baadaye, kuzika nyuzi za mwanga katika njia zao, kwanza kwa ajili ya kuongoza treni zenyewe na kisha kwa ajili ya mawasiliano mengine.

Mwaka 1853 waya wa telegrafu ulipitishwa chini ya bahari kati ya Dover, Uingereza, na pwani ya Ostend. Kituo cha Gare du Midi, maana yake Kituo cha Kusini, kilifunguliwa mwaka 1869 kuchukua nafasi ya kituo kidogo cha awali. Mwaka 1952 kiliunganishwa na vituo vya kaskazini mwa jiji kwa reli inayopita chini ya katikati ya Brussels, na mwaka 1994 treni za Eurostar zikaanza safari za kwenda London kwa kupitia handaki la chini ya bahari. Ndani ya handaki hilo pia mmepitishwa nyuzi za mwanga.

Kutoka mchirizi wa maji hadi tumbo la mgonjwa

Wazo la kuufungia mwanga ndani ya njia iliyopinda ni la zamani. Mwaka 1841, mjini Geneva, mwanafizikia Jean-Daniel Colladon alionyesha jinsi mwanga unavyofuata mchirizi wa maji unaoanguka kutoka kwenye chombo. John Tyndall alifanya onyesho kama hilo mjini London mwaka 1854.

Jambo hilo si geni kwa wapiga mbizi. Mtu aliye chini ya maji akitazama juu kwa mshazari, huuona uso wa maji ukimeta kama kioo cha kujitazamia. Mwanga unaogonga mpaka wa maji na hewa kwa mshazari mkubwa hautoki nje, bali hurudishwa wote ndani.

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell, aliyekwisha kujulikana kwa simu yake, alitengeneza chombo kilichosafirisha sauti kwa mwale wa jua. Hata hivyo mwale huo ulipita hewani, na wingu au ukungu ulitosha kukata mazungumzo. Ilihitajika njia ambayo ingeulinda mwanga dhidi ya hali ya hewa.

Mwaka 1954 jarida la Nature lilichapisha taarifa mbili kuhusu kupitisha picha katika mafungu ya nyuzi. Moja iliandikwa na Mholanzi Abraham van Heel, na nyingine na Harold Hopkins pamoja na Narinder Singh Kapany, mwanasayansi mzaliwa wa Punjab, India. Van Heel alieleza umuhimu wa kuufunika kila uzi kwa ganda la aina nyingine, ili mwanga usivuje kuingia katika uzi wa jirani.

Matumizi makubwa ya kwanza yalikuwa hospitalini. Mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitumia fungu la nyuzi za kioo linalopindika kuchunguza tumbo la binadamu. Kabla ya kumpitishia mgonjwa, alilijaribu koo lake mwenyewe.

Charles Kao na tatizo la kioo kichafu

Chombo cha daktari kilihitaji uzi wa urefu wa mita moja hivi. Mawasiliano ya simu yalihitaji maelfu ya kilomita, na hapo ndipo kioo kiliposhindwa. Katika nyuzi za miaka ya mwanzo ya 1960, baada ya mita 20 tu ilisalia asilimia moja ya mwanga ulioingia. Wataalamu wengi waliamini kwamba hiyo ndiyo tabia ya kioo, na kwamba hakuna la kufanya.

Mhandisi Charles Kao, aliyezaliwa Shanghai mwaka 1933, hakukubaliana nao. Akiwa katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories mjini Harlow, Uingereza, yeye na mwenzake George Hockham walichapisha mwaka 1966 utafiti uliosema kwamba kosa si la kioo chenyewe bali la uchafu uliomo ndani yake, hasa chembe za madini kama chuma. Kioo kikisafishwa vya kutosha, walisema, asilimia moja ya mwanga ingeweza kusalia baada ya kilomita moja nzima, na kiwango hicho kingetosha kuanzishia biashara ya simu.

Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya vioo ya Corning, nchini Marekani, walitengeneza uzi uliovuka kiwango hicho. Mwaka huo huo watafiti wa Leningrad na wale wa maabara za Bell, Marekani, walifaulu kutengeneza leza ndogo zinazoweza kuwaka mfululizo bila kuhitaji kupoozwa kwa baridi kali. Kwa hiyo taa na njia yake vilipatikana kwa wakati mmoja.

Ukubwa wa hatua hizo unaweza kupimwa kwa reli ya Gare du Midi. Mwanga ulioingizwa katika uzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ungefifia kabla ya kufika mwisho wa behewa la kwanza. Katika uzi wa mwaka 1970 ungevuka urefu wa treni nzima. Katika nyuzi za siku hizi, asilimia moja ile ile husalia baada ya kilomita 100 hivi, umbali unaokaribia ule wa kutoka kituo hicho hadi Ostend.

Jinsi mwanga unavyobeba ujumbe

Uzi mmoja, bila ya kifuniko chake cha plastiki, una unene wa sehemu ya nane ya milimita. Katikati yake kuna kiini chembamba zaidi ambamo mwanga hupita, na nje ya kiini kuna ganda la kioo lenye mchanganyiko tofauti kidogo, linaloufanya mwanga urudishwe ndani kila unapotaka kutoka.

Upande mmoja wa uzi huwekwa leza inayowaka na kuzima mabilioni ya mara kwa sekunde. Sauti, maandishi na picha hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu za moja na sifuri, kisha zikasafirishwa kwa mimweko hiyo. Upande wa pili chombo kingine huipokea na kuirudisha katika hali yake ya awali. Mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde.

Safari ikiwa ndefu, mwanga huhitaji kupewa nguvu njiani. Hapo mwanzo vyombo vya chini ya bahari vililazimika kuugeuza mwanga kuwa umeme na kisha kuurudisha kuwa mwanga. Katika miaka ya 1986 na 1987 watafiti wa Southampton, Uingereza, na wa maabara za Bell walipata njia ya kuukuza mwanga ukiwa mwanga, kwa kutumia kipande cha uzi kilichotiwa madini adimu yaitwayo erbiamu. Uvumbuzi huo uliwezesha pia uzi mmoja kupitisha miale ya rangi nyingi kwa pamoja, kila rangi ikibeba ujumbe wake.

Ostend mwaka 1986

Majaribio ya kwanza ya kupitisha simu za wateja kwa nyuzi za mwanga yalifanyika nchi kavu mwaka 1977, katika miji ya Marekani ya Long Beach na Chicago. Bahari ilikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa mkongo ukiharibika chini ya maji ni lazima meli itumwe kuutafuta na kuuvuta juu.

Mkongo wa UK-Belgium 5, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, ulilazwa kati ya Broadstairs, Uingereza, na Ostend mwaka 1986. Mwaka 1988 ulifuata mkongo wa TAT-8, uliovuka Bahari ya Atlantiki kuunganisha Marekani na Uingereza na Ufaransa, ukiwa na uwezo wa kubeba simu 40,000 kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ostend ilipokea tena mkongo mwingine, SEA-ME-WE 3, wenye urefu wa kilomita 39,000, uliokwenda hadi Asia ya Mashariki na Australia kupitia Djibouti na Oman.

Njia hiyo ndefu ilipita kaskazini mwa Pembe ya Afrika bila kuteremka hadi Mombasa, Zanzibar wala Dar es Salaam.

Pwani iliyosubiri

Haikuwa hivyo wakati wa telegrafu. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea hadi Msumbiji na Durban, miaka 13 tu baada ya ule wa mwaka 1866 uliounganisha Ulaya na Amerika kwa kudumu. Waingereza walikuwa na vita na biashara kusini mwa Afrika, na walitaka habari zifike upesi.

Katika zama za mwanga, eneo hilo liliachwa litegemee satelaiti. Kenya ilifungua kituo chake cha satelaiti huko Longonot mwaka 1970, na kwa takriban miaka 40 mawasiliano mengi ya eneo zima na nchi za mbali yalipanda angani. Satelaiti za aina hiyo huwa umbali wa kilomita 36,000 juu ya dunia, hivyo swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde njiani. Bei nayo ilikuwa kubwa: huduma ambayo Ulaya ilipatikana kwa makumi ya dola iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi mjini Nairobi au Kampala.

Tofauti hiyo ilionekana hata Brussels. Katika miaka ya 1990 na 2000 mitaa mingi ya jiji hilo, ikiwemo ile iliyo jirani na Gare du Midi, ilikuwa na maduka ya simu za kimataifa na kadi za kupigia. Wateja wake walikuwa pamoja na watu waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, nchi zilizowahi kutawaliwa na Ubelgiji, na wengi wao wakizungumza Kiswahili. Mtu aliyeishi saa moja na robo kwa treni kutoka Ostend alilipa kwa dakika ili asikie sauti ya mama yake aliyeko Bukavu, huku sauti hiyo ikifika kwa kuchelewa na mara nyingine ikikatika katikati ya neno.

Mwaka 2009

Mpango wa mkongo wa EASSy, wa kuunganisha pwani kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ulianza kujadiliwa mwaka 2003. Mjadala ulichukua miaka mingi kwa sababu ya swali la umiliki. Baadhi ya wadau walitaka mkongo uwe mali ya makampuni ya simu yaliyochangia fedha, na wengine walitaka kila mtoa huduma aruhusiwe kununua nafasi kwa bei sawa. Waliokuwa na wasiwasi walitoa mfano wa mkongo wa SAT-3 wa Afrika Magharibi, uliofunguliwa mwaka 2002, ambao bei zake zilibaki juu pale ambapo kampuni moja ilishikilia mlango wa nchi.

Kenya iliamua kutafuta njia yake. Mkongo wa TEAMS, wenye urefu wa kilomita zipatazo 5,000 kutoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, uliwasili Mombasa Juni 2009. Mkongo wa SEACOM, wa kampuni binafsi, ulianza kazi tarehe 23 Julai mwaka huo ukiunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya na India. Uzinduzi wake uliahirishwa kwa wiki kadhaa kutokana na tishio la maharamia karibu na pwani ya Somalia. EASSy nao ulianza kutumika mwaka 2010.

Mwaka huo huo wa 2009 Charles Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Wakati huo alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mhadhara wake ulisomwa mjini Stockholm na mkewe, Gwen. Alifariki dunia mwaka 2018.

Kutoka pwani hadi Maziwa Makuu

Kufika kwa mkongo pwani hakukumaanisha kufika kwa kila mtu. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, na hupata huduma hiyo kwa kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Serikali za Kenya na Tanzania zilijenga mikongo ya taifa kuelekea mipakani, sehemu nyingine ikifuata barabara kuu na nguzo za umeme.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliunganishwa na mkongo wa WACS huko Muanda, kwenye pwani yake fupi ya Atlantiki, mwaka 2013. Lakini Goma iko karibu zaidi na Mombasa kuliko na Muanda, na kati ya Muanda na mashariki kuna misitu, mito na maeneo ya vita. Kwa sababu hiyo miji ya mashariki imetegemea zaidi njia zinazopitia nchi jirani.

Mkongo pia hauna faida pale unapozimwa kwa amri. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, mamlaka za Kongo zilifunga intaneti kwa takriban wiki tatu. Mkongo wa Muanda ulikuwa mzima, lakini ndugu walioko Brussels hawakuweza kupata habari za nyumbani kwa njia hiyo.

Uzi mwembamba, mzigo mkubwa

Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano ya intaneti kati ya mabara hupita chini ya bahari. Kila mwaka hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 duniani, nyingi zikisababishwa na nanga za meli na nyavu za wavuvi. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma zikadorora kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Katika Bahari ya Shamu nako mikongo kadhaa ilikatika Februari mwaka huo huo.

Nchi kavu si salama zaidi. Nchini Ubelgiji wezi wa shaba wamekuwa wakikata nyaya za reli na kuchelewesha treni. Uzi wa kioo hauna shaba ndani yake, ila mwizi hulijua hilo baada ya kuukata. Nchini Kenya na Tanzania uharibifu wa namna hiyo hutokea pia, na mara nyingi mitambo ya ujenzi wa barabara huikata mikongo iliyozikwa pembeni.

Dawa inayotumika ni kuwa na njia nyingi. Tangu mwaka 2012 mikongo mingine imefika Mombasa, ukiwemo DARE1 kutoka Djibouti uliokamilika mwaka 2021. Mkongo wa 2Africa, uliotangazwa mwaka 2020 na wenye urefu wa kilomita zipatazo 45,000, umepangwa kulizunguka bara zima, ukipita Mombasa, Dar es Salaam na Muanda. Satelaiti mpya zinazoruka karibu na dunia zimeingia pia katika soko la Afrika Mashariki, lakini vituo vyake vya ardhini huunganishwa na dunia kwa nyuzi zile zile za kioo.

Leo mtu anayesubiri treni katika kituo cha Gare du Midi anaweza kumpigia ndugu yake aliyeko Bujumbura na kumwona usoni. Katika waya wa kilomita 10,000, ujumbe wake unahitaji sehemu ya ishirini ya sekunde kusafiri. Kama simu hiyo itapita au haitapita, hilo halitegemei tena usafi wa kioo. Linategemea njia ngapi zimejengwa, nani anazimiliki, na nani ana mamlaka ya kuzifunga.